Kuku Sita Wasio na Firigisi

Niliolewa kwa sababu ya mabawa ya kuku, na nusura nikose kuolewa kwa sababu ya mabawa hayohayo. Watu wakiniuliza nilivyoingia katika ukoo wa mume wangu, huwa najibu kwa kifupi kwamba baba yake mkubwa alikuja Guangzhou, akaniona, akaridhika. Sisemi uongo, ila naruka katikati. Leo nimezeeka kiasi cha kutosha, sasa naweza kuisimulia na hiyo katikati.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mama wa viatu. Nilitoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou mara tatu, mara nne kwa mwaka, nakaa wiki tano, sita, mpaka viza ianze kunitazama kwa jicho baya. Viatu vya kike na vya shule nilivinunua soko la Liuhua, karibu na stesheni ya reli, ajenti akavipakia melini bandari ya Huangpu, mimi nikatangulia kuvisubiri Kariakoo. Chumba nilipanga Xiaobei, hatua chache kutoka jengo la Tianxiu, ambalo wakati huo lilikuwa bado linanuka rangi. Watanzania tulikuwa wachache. Ukisikia Kiswahili kwenye lifti unageuka kuona ni nani.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na nilikuwa na mdomo. Mdomo huo ulinifaa sana sokoni na ukaniponza nyumbani. Sisi wanawake wa safari za China tulishapewa jina, wanawake wa maboksi. Ilisemekana hatupiki, hatutulii, na kwamba aliyezoea kubishana bei na Mchina hatashindwa kubishana na mume. Posa moja ilishanipita kwa maneno hayo. Nilijifanya sijali, lakini nilijali, na nilijali zaidi kila nikirudi nyumbani na kukuta mdogo wangu mwingine ameolewa.

Kisha akaja mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Bukoba, mpole mpaka nilikuwa namwonea huruma. Alinipenda, nami nikampenda, na kwa upande wetu sisi wawili mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa upande wa ukoo wake yalikuwa hayajaanza. Hawakukataa, hawakukubali. Walisema barua ya posa haitaandikwa mpaka baba mkubwa amwone huyo mwanamke kwa macho yake. Baba yake mzazi alishafariki, kwa hiyo neno la baba mkubwa ndilo lililokuwa neno. Akisema ndiyo, barua inaandikwa. Akisema hapana, mwalimu wangu asingekuwa na ubavu wa kumpinga, na mimi nilijua hivyo.

Huyo baba mkubwa alikuwa na duka la nguo Bukoba mjini. Kwa bahati, au kwa balaa, alikuwa ameamua mwaka ule kwenda kujionea hiyo Guangzhou ambayo kila mtu alikuwa anaitaja. Kwa hiyo angefanya mambo mawili kwa nauli moja. Mwalimu alinipigia simu akiwa na wasiwasi kunizidi.

"Mzee anapenda kuku," aliniambia. "Mpe kuku. Na tafadhali, mama, usimbishie."

Nilimwambia awe na amani. Kama ni kuku, Guangzhou haina shida ya kuku.

Mzee alifika amevaa koti zito na kofia ya pama, katika joto lile la kule linalobandika shati mgongoni. Nilimwamkia kwa kupiga goti kidogo, palepale uwanja wa ndege, watu wakatushangaa. "Marahaba," akasema, akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu, akaishia kwenye viatu. Siku tatu za kwanza alikula wali mweupe na mayai ya kuchemsha. Kila sahani nyingine aliigeuza kwa uma, akainusa, akairudisha kwangu kwa adabu. Kisha anatoa mfukoni kahawa yake ya kutafuna, zile buni kavu za kwao, anatia mbili mdomoni na kufunga kile kifuko. Kwao, mgeni na mwenyeji hugawana kahawa ile. Hakunipa hata punje moja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajifariji, atazoea. Lakini usiku nilihesabu siku zilizobaki.

Siku ya nne nilimchukua twende Liuhua. Nilikuwa na oda ya viatu vya shule, katoni kama arobaini, zimepangwa mpaka karibu na dari. Muuzaji alinifungulia katoni ya juu, nikaona viatu vinang'aa. Nikamwambia aishushe, ashushe na ya pili, na ya tatu, anifungulie ya chini kabisa. Alilalamika, akapiga paji la uso, akaniita rafiki mara kumi. Nikasimama palepale. Katoni ya juu husema anachotaka muuzaji, ya chini ndiyo husema kweli. Hilo kila mfanyabiashara wa Guangzhou analijua au atalijua kwa machungu. Ilipofunguliwa ya chini, soli zilikuwa zimefumuka. Nikamgeuzia muuzaji mgongo, akanikimbilia, tukaanza upya. Mzee alisimama kando na kofia yake mkononi, hakusema neno. Nikajua nimeharibu. Nilikuwa nimemwonyesha mwanamke wa maboksi mwenyewe, akiwa kazini.

Ndipo nikaamua kumaliza mambo kwa ile silaha niliyokuwa nimeiweka akiba. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, njaa ipo. Nikamwambia, "Baba, leo nakupeleka ukale kuku."

"Kuku," alisema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka kidogo.

Mkahawa niliokusudia ulikuwa wa kampuni ile yenye mikahawa kila kona ya mji, ya vyakula vya haraka. Ulikuwa na ghorofa mbili, taa nyeupe, na viti vilivyofungwa sakafuni kana kwamba mteja atavibeba. Mimi pale nilikuwa mwenyeji. Ndugu zetu wa Zanzibar hawakuingia, wao walikula kwa Wachina Waislamu wanaovuta tambi kwa mikono, lakini sisi Wakristo wa bara tulijazana. Na kilichotuleta, sisi na Wachina wenyewe, kilikuwa ni mabawa.

Sijui niyaeleze vipi. Yalikuwa na unga mkavu wenye magamba uliokwaruza midomo, nyama ndani inatoa mvuke, na pilipili iliyosubiri umeze kwanza ndipo ijitambulishe. Nilipenda kukaa dirishani nikitazama watu wanavyoyala. Wasichana wa ofisini walifunga nywele kabla ya kuanza. Wapenzi walikuja wawili wawili, mvulana akimwachia msichana bawa la mwisho, msichana akakataa mara moja tu, kwa sheria. Mkenya mmoja muuza redio aliwahi kunilalamikia huku machozi yanamtoka, "Sista, hii kuku imekasirika," na mkono wake uko juu anaagiza nyingine. Mkongo mmoja aliingia na chupa yake ya pilipili mfukoni, kwa kuamini Wachina hawana pilipili ya maana. Akaonja, akakohoa, "Mon Dieu," akairudisha chupa mfukoni taratibu. Na mabibi! Mabibi wa pale ndio walionimaliza. Bibi anaingiza bawa zima upande mmoja wa mdomo, anatazama juu kidogo kama anayekumbuka kitu, kisha mifupa inatoka upande wa pili, mitupu, bila mkono kugusa chochote.

Mimi niliyajua mabawa kutoka kwa bosi wangu wa viatu, mama mmoja wa Kichina, wa makamo, aliyeniuzia viatu toka mwanzo, mkali kunizidi. Miaka miwili ya kwanza nilipokula naye dukani kwake alinipa wali na mboga. Mwaka wa tatu, siku moja, alichukua bawa kutoka bakuli lake kwa vijiti vyake mwenyewe akaliweka juu ya wali wangu, na wafanyakazi wake wote wakaangalia. Binti yake akaniambia kwamba kidari kwao ni kuni tu, kikavu, hakina maana, ila bawa hupewa mtu unayemthamini. Nilijisikia mtu siku ile. Toka hapo, kwangu mimi, bawa likawa ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo nilipomketisha mzee dirishani nilikwenda kupanga foleni kwa moyo mweupe kabisa. Niliruka picha za mapaja. Niliruka picha za vidari. Nikamnyooshea binti wa kaunta kidole kwenye picha ya mabawa na kumwonyesha kwa vidole: kumi na mawili. Akanitazama mara mbili. Nikasema ndiyo, kumi na mawili, nina mgeni. Yakapangwa kwenye sinia juu ya karatasi, yamerundikana, yanatoa moshi, na nikayabeba kupita katikati ya watu nikijiona bibi harusi.

Nikayaweka mbele yake. "Karibu kuku, baba."

Mzee alilitazama sinia. Akainama akalitazama kwa karibu.

"Haya ni mabawa," akasema.

"Ndiyo, baba. Mabawa ya kuku. Hapa hakuna kizuri kuliko hicho."

Akaanza kuhesabu kwa kidole, bila kugusa, midomo inacheza. "Kumi na mawili. Kuku sita."

"Ni kama kuku sita, ndiyo," nikasema, nikidhani anasifu ukubwa wa karamu.

"Sasa hao kuku sita wako wapi?"

Sikumwelewa. Nikacheka kidogo, na nikaona kwamba nacheka peke yangu.

"Vidari vya kuku sita," akaendelea, taratibu, kama hakimu. "Mapaja kumi na mawili. Migongo. Shingo. Firigisi sita. Nani amekula?"

"Baba, hapa huwa—"

"Sikiliza, mama. Kwetu mkwe akiletewa kuku, analetewa kuku. Kila kiungo kiwepo, na firigisi iwe juu aione. Kikikosekana kiungo, mgeni anauliza. Firigisi ikikosekana, mgeni hana haja ya kuuliza. Ameambiwa aende. Anachukua kofia yake." Kofia ilikuwa kwenye kiti cha jirani. Akaichukua, akaiweka magotini. "Mabawa tunawapa watoto waliomfukuza kuku."

Si kwamba sikuwahi kusikia mambo hayo. Hata kwetu, tena mjini, Krismasi ikifika firigisi ilikuwa ya baba na mabawa tuligombania sisi watoto uani, tukinyang'anyana mmoja na mwenzake. Nilikuwa najua. Nilijua maisha yangu yote, na nilikuwa nimesahau. Niliishi Guangzhou wiki nyingi mno, bawa moja la bosi wa viatu likafuta mafundisho ya mama yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata ile kofia magotini.

Maneno yalinijaa mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba nimepanga foleni, kwamba watu wazima na suti zao wanakula mabawa hapa, kwamba kidari ni kuni. Nikakumbuka, usimbishie. Nikaufunga mdomo wangu, na kwa anayenijua mimi, hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba katoni.

"Nisubiri kidogo, baba," nikasema. Nikarudi kaunta.

Kichina changu kilikuwa cha sokoni, cha ghali na rahisi na kubwa na ndogo. Niliuliza kuku mzima. "Meiyou," akasema binti, hakuna. Nikauliza firigisi, na kwa kuwa neno lake silijui, nikajigusa tumboni, nikafanya ngumi, nikaifumba na kuifumbua. Akanitazama kwa huruma nyingi. Akaondoka mbio, akarudi na bilauri ya maji ya moto, akanishika bega na kuniambia ninywe polepole. Wachina tumbo likiuma dawa ya kwanza ni maji ya moto. Nikamshukuru, ningefanya nini, nikarudi mezani nikiwa na bilauri.

Mzee aliipokea, akanywa. "Angalau haya ni mazima," akasema.

Pale nilikuwa karibu kulia. Nilishaanza kupanga nitakachomwambia mwalimu kwenye simu, na nilishaanza kumsikia akinyamaza. Mabawa yalikuwa yanapoa. Mzee alikuwa ametoa kifuko chake cha kahawa na kutia mbili mdomoni, macho yako nje.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Wakaingia wanaume wawili wanasukuma mkokoteni wa maboksi, baridi inafuka toka humo, wanapita kati ya meza kuelekea jikoni. Kila boksi lilichorwa picha ya bawa moja. Mzee aliacha kutafuna.

"Yale ni nini?"

"Nadhani ndiyo mabawa yenyewe, baba. Yanaletwa hivyo."

"Yote?"

"Twende ukaone mwenyewe," nikasema. Ulikuwa ni mdomo wangu wa Liuhua uliosema hivyo, ulinitoroka. Lakini mzee akasimama. Akavaa kofia yake, akafunga koti, akauendea ule mkokoteni kwa hatua za mtu mwenye duka lake.

Dada msimamizi wa pale, mwenye tai na kofia ya karatasi, alitoka jikoni mbio. Nikamwambia kwa Kichina changu chote, mzee, kutazama, kidogo tu. Sijui alimdhania nani. Kwa lile koti na ule mwendo nadhani alimdhania mkaguzi, maana alisimama wima na kuwaamuru wale wanaume wasimame nao. Mmoja akachana utepe wa boksi la juu. Ndani kulikuwa na mifuko ya plastiki, na ndani ya mifuko mabawa, yameganda, yamebanana.

Mzee alitikisa kichwa. "Si hilo," akasema, akaniangalia. "La chini."

Nilimtazama. Hakucheka, lakini nilijua amelitoa wapi neno hilo. Asubuhi ile alikuwa kimya kwa sababu alikuwa anajifunza. Nikamgeukia dada msimamizi na kumwomba. Maboksi matano yakashushwa moja moja sakafuni, wateja wameacha kula, watoto wamepanda juu ya viti. Bibi mmoja alisogea na bawa lake mkononi aone tunatafuta nini. La chini likafunguliwa. Mabawa. Mzee akaingiza mkono mpaka chini kabisa ya boksi, akatoa mfuko wa mwisho, akaugeuza kwenye mwanga. Mabawa.

"Na lile la nyuma yake," akasema. Nalo lilikuwa mabawa.

Akasimama akiwa anapangusa barafu kwenye vidole. "Hapa pana kuku wasiopungua mia tatu," akasema. "Hakuna firigisi hata moja."

"Hakuna, baba."

"Vidari vimekwenda wapi?"

"Vimepelekwa kwingine kabla ya kufika hapa. Hawa mabinti hupokea boksi kama unavyoliona."

"Kwa hiyo hapa hakuna aliyekula kabla yangu."

"Hakuna aliyekula kabla yako, baba."

Alitazama meza moja baada ya nyingine. Karibu na ngazi aliketi mzee wa Kichina mwenye fimbo, mtu wa umri wake au zaidi, na mbele yake mabawa manne. "Hata yule?"

"Hata yule."

"Na hakulalamika?"

"Alipanga foleni, baba."

Mzee aliliwaza hilo. Kisha akamwinamia dada msimamizi kidogo, dada naye akainama mpaka kofia ya karatasi ikamtoka, na tukarudi mezani kwetu. Nilimfuata nikiangalia mkono wake. Alivua kofia, akaiweka kwenye kiti cha jirani. Mgeni hakuwa anaondoka tena.

Akafanya ishara ya msalaba. Akachukua bawa la kwanza, akaling'ata kwa tahadhari. Akatafuna. Akameza. Nikasubiri, maana naijua pilipili ile. Ilipomfikia alikaa wima, macho yakajaa maji, akatoa leso, akapenga, akafuta machozi, akapenga tena. Bibi wa meza ya pili alifurahi mpaka akapiga makofi. Mzee akamnyooshea kidole cha onyo, kisha akachukua bawa la pili.

Alipofika la tatu alivua koti. Siku nne nilikuwa sijaona mabega yake. Alipofika la nne aliniuliza yule bibi anatoaje mfupa bila mkono, akajaribu, mfupa ukamkwama, tukahangaika. Nilicheka, nikajizuia, nikaona yeye mwenyewe anacheka, basi nikacheka kwa raha zangu. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mwalimu aniambie kuhusu safari hiyo.

Kisha akasimamisha kula. Akanitazama mikono yangu, niliyokuwa nimeiweka mapajani kwa adabu.

"Mbona huli?"

"Ni ya mgeni, baba."

"Mama yangu alikufa hajui ladha ya kuku," akasema. "Kwetu zamani kuku hakuwa chakula cha wanawake. Alimfuga, alimchinjisha, alimpika, alimpakua. Kisha akaenda kukaa jikoni na ndizi zake." Alilisukuma sinia katikati ya meza. "Hata nilipokuwa mdogo jambo hilo halikuniingia akilini. Kula, mwanangu."

Nilikuwa mama toka uwanja wa ndege. Sasa nilikuwa mwanangu. Nikala. Yeye alikula saba, mimi tano, na alipomaliza alifungua kile kifuko, akahesabu buni mbili, akaniwekea kiganjani. Ni chungu, kahawa ile. Nilizitafuna mpaka zikaisha.

Wakati tunatoka alisema anataka kupiga simu nyumbani. Palikuwa na duka la simu mtaa wa pili, lenye vibanda vya vioo na saa ya kila nchi ukutani, isipokuwa yetu. Mlango wa kibanda alichoingia haukufunga vizuri. Nilisimama nje nikijifanya nasoma zile saa. Hofu ilinirudia, maana kula mabawa ni jambo moja na kunisemea kwa ukoo ni jambo jingine. Angeweza kusema kweli na bado nikaanguka. Mwanamke alimpa mabawa. Nani angesikia hayo Bukoba akaandika barua?

Alianza kwa lugha ya kwao, na mimi sikuambulia kitu ila salamu ndefu. Kisha aligeuka, akaniona kupitia kioo. Akahamia Kiswahili, na akapaza sauti.

"Nimemwona," akasema. "Ndiyo. Anajua kufungua boksi. … Nasema anajua kufungua boksi, utaelewa siku nyingine. … Amenipa kuku. … Kuku, ndiyo, mchana huu."

Akasikiliza. Nilijua anaulizwa nini. Ungekuwa wewe ndiye uko Bukoba ungeuliza hilohilo.

"Firigisi?" akasema mzee, bado ananitazama. "Firigisi nimepewa."

Nilijigeuza nikatazama barabara, kwa kuwa sikutaka mtu mzima anione nalia mbele ya duka la simu. Mabasi yalipita. Sijui nilisimama pale kiasi gani. Nilichokijua ni kwamba mtu aliyesafiri nusu ya dunia kunipima alikuwa amenisitiri. Alipotoka hakuligusia. Aliniuliza tu kama kesho tutarudi Liuhua, kwa kuwa kuna mashati aliyoyaona na anataka kufunguliwa katoni ya chini.

Barua ya posa iliandikwa mwezi uliofuata. Harusi ilikuja na mambo yake, hayo yana siku yake. Ila nilipopelekwa Bukoba mara ya kwanza kama mke wa mtu, mawifi waliniambia kwamba jadi ni nimpikie baba mkubwa kuku, jikoni, peke yangu, na wote watakuwepo kuona kama mwanamke wa maboksi anajua kupika. Nikaomba kuku wawili. Mmoja nikawapikia watoto wa nyumba ile, wakamla uani mpaka mifupa. Wa pili nikampika kwa ajili yake.

Nilipiga goti, nikaweka bakuli mbele yake, nikafunua. Niliona macho yake yakihesabu, kwa kuwa hesabu haikumtoka. Mabawa mawili. Mapaja mawili. Kidari, mgongo, shingo. Na juu yake, zimekaa bega kwa bega, firigisi mbili, ya siku ile na ya deni la Guangzhou. Wakubwa waliokuwa wamekaa naye walinyoosha shingo, mmoja wao akaanza kufungua mdomo.

Mzee akachukua ya kwanza, akala. Akachukua ya pili, akala, akafuta vidole kwa leso. Hakuuliza kuku mwingine yuko wapi.